Timu Ipimwe kwa Safari Yake, Si kwa Jina Lake

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kamati ya michezo ya shule katika kanda yetu, kazi isiyo na mshahara wala shukrani, bali yenye lawama tele. Mwaka mmoja, baada ya mechi za makundi, zilisalia shule nne. Tatu zilikuwa shule za bweni zenye majina makubwa na makabati yaliyojaa vikombe. Ya nne ilikuwa shule ya kutwa iliyoanzishwa juzi juzi tu, ambayo uwanja wake una mteremko kiasi kwamba mpira ukitoka upande wa chini huokotwa katika shamba la jirani. Shule hiyo ndogo ndiyo pekee iliyokuwa imeshinda mechi zake zote.

Kamati ilipoketi kupanga nusu fainali, hatukutazama matokeo. Tulitazama majina. Tuliafikiana kwamba shule mbili zilizokuwa zimevuma zaidi miaka iliyotangulia zisikutanishwe mapema, na kila moja ichezee nyumbani kwake. Shule ya kutwa ikapelekwa kwa ile kubwa kuliko zote, mbele ya umati wa wanafunzi wenyeji. Barua ya kutangaza ratiba hiyo niliiandika mimi, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu.

Walifungwa bao moja kwa nunge. Jioni ile nahodha wao, kijana mwembamba wa kidato cha tatu, alinijia akiwa bado amevaa viatu vya mpira. Akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, naomba kuuliza. Sisi tulishinda mechi zote. Wao walishindwa moja. Mbona sisi ndio tuliosafiri?" Nilimjibu kwamba hivyo ndivyo kamati ilivyoamua. Akaitikia, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Sijapata kupewa shukrani iliyoniuma kama ile.

Swali la kijana yule lilinirudia Machi 2022, nilipokuwa nikifuatilia mchujo wa mwisho wa Afrika wa kuwania tiketi za Kombe la Dunia nchini Qatar. Msomaji atakumbuka kwamba Harambee Stars walikuwa katika kundi E pamoja na Mali, Uganda na Rwanda. Atakumbuka pia, ingawa angependa kusahau, kwamba Mali ilitufunga mabao matano kwa nunge katika mji wa Agadir, kisha ikaja Nairobi ikatufunga bao moja. Kwa hakika Mali ilicheza mechi sita, ikashinda tano na kutoka sare moja dhidi ya Uganda. Ilifunga mabao kumi na moja na haikufungwa hata moja. Aidha, ushindi ule wa Agadir ulipatikana katika uwanja wa kuazima, maana mechi iliyohesabiwa kuwa ya nyumbani kwa Mali ilichezwa katika nchi ya Morocco.

Mshindi wa kila kundi, jumla timu kumi, aliingia katika mchujo wa mikondo miwili. Droo ilifanywa mjini Douala Januari 2022. Timu ziligawanywa katika vyungu viwili, na kigezo kilikuwa kimoja tu: orodha ya ubora ya FIFA ya Novemba 2021. Chungu cha kwanza kikapewa Senegal, Morocco, Tunisia, Algeria na Nigeria. Chungu cha pili kikapewa Misri, Ghana, Cameroon, Mali na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Timu za chungu cha kwanza zilipata fadhila mbili kwa mpigo. Hazingeweza kukutana zenyewe kwa zenyewe, na kila moja iliandaa mkondo wa pili, ule wa kuamua, mbele ya mashabiki wake. Mali ikaangukia Tunisia.

Sasa tuyatazame matokeo ya makundi, kama mwalimu anavyotazama alama za karatasi zilizo mbele yake. Morocco ilikuwa na pointi 18, Mali 16, Senegal 16, Cameroon 15, Algeria 14 na Misri 14. Tunisia, Ghana na Nigeria zilikuwa na pointi 13 kila moja, na Kongo 11. Kama vyungu vingepangwa kwa alama hizo, Mali na Cameroon zingekuwa katika chungu cha kwanza, nazo Tunisia na Nigeria zingeshuka hadi cha pili. Tunisia ilikuwa imefungwa na Equatorial Guinea na kwenda sare na Mauritania. Mali haikuwa imefungwa na yeyote. Hata hivyo Mali ndiyo iliyotangulia kuandaa mechi mjini Bamako, ikajifunga bao na kutolewa beki mmoja kwa kadi nyekundu, kisha ikaenda ugenini Radès na kutoka sare tasa. Ndoto yake ya kucheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza ikafia hapo.

Simaanishi kwamba chungu ndicho kilichofunga bao lile la Bamako. Mali ilijifunga yenyewe. Nasema tu kwamba swali la nahodha wa Mali lingekuwa lile lile la nahodha wa shule ya kutwa, na sidhani kama CAF ingekuwa na jibu bora kuliko nililotoa mimi.

Huenda mwanafunzi akauliza: orodha hii ya ubora hutoka wapi? FIFA iliichapisha kwa mara ya kwanza Desemba 1992, na tangu hapo hesabu yake imebadilishwa zaidi ya mara moja. Hesabu iliyotumika kabla ya Agosti 2018 ilitafuta wastani wa pointi za mechi, na mechi za kirafiki zilikuwa na thamani ndogo mno. Kwa hiyo timu iliyocheza mechi nyingi za kirafiki ilijiteremsha yenyewe, hata ikishinda. Brazil, ambayo haikuwa na mechi za kufuzu kwa kuwa ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2014, ilishuka hadi nafasi ya 22 Juni 2013, kisha mwezi huo huo ikatwaa Kombe la Mabara. Poland nayo iliutambua udhaifu huo, ikaepuka mechi za kirafiki kwa karibu mwaka mzima, ikaingia katika chungu cha vigogo wa Kombe la Dunia la 2018. Huko Urusi ikashika mkia katika kundi lake.

Hesabu iliyoanza kutumika Agosti 2018 ni bora zaidi, na mwalimu wa hisabati anaweza kuifundisha darasani. Kila timu ina pointi zake. Kabla ya mechi hukisiwa uwezekano wa kila upande kushinda kwa kutazama tofauti ya pointi zao. Baada ya mechi, matokeo hulinganishwa na makisio hayo, na tofauti huzidishwa kwa uzito wa mechi: kwa kawaida 10 kwa mechi ya kirafiki iliyo katika kalenda rasmi, 25 kwa mechi ya kufuzu, na 35 au 40 kwa fainali za bara. Timu mbili zenye pointi sawa zikikutana katika mechi ya kufuzu, mshindi huongezewa pointi 12.5. Aliye nyuma kwa pointi 200 akimshinda aliye mbele, hupata takribani pointi 17. Aliye mbele akimshinda aliye nyuma, hupata takribani 8 tu.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini kuna mambo mawili isiyoyaona. Kwanza, haitofautishi ushindi wa nyumbani na ule wa ugenini. Juni 2024 Kenya ililazimika kuwakaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, nchini Malawi, kwa kukosa uwanja ulioidhinishwa nyumbani. Mechi hizo ziliingia katika orodha kana kwamba zilichezwa Kasarani. Pili, pointi nyingi zaidi barani hupatikana katika fainali za Kombe la Afrika, na asiyefika huko hana pa kuzichuma. Aliye ndani huzidi kupanda, na aliye nje hubaki akichungulia dirishani.

Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko zote ni ya namna orodha inavyotumiwa. Januari 2020, droo ya makundi ya Afrika ilipofanywa mjini Cairo, timu arobaini ziliwekwa katika vyungu vinne kwa kufuata orodha hiyo hiyo ya FIFA. Kila kundi likapata kigogo mmoja kutoka chungu cha kwanza. Vigogo hao walikuwa kumi, na wote kumi ndio walioshinda makundi yao! Msomaji anaweza kusema kwamba huo ni ushahidi kuwa orodha husema kweli. Ninakubali kwa sehemu. Lakini ni ushahidi pia kwamba vigogo walikuwa wamekwisha kulipwa fadhila ya majina yao. Walilindwa wasikutane katika makundi, wakapewa wapinzani wa vyungu vya chini, wakapita. Kisha walipofika mlangoni, watano kati yao wakalindwa tena kwa jina lile lile. Mkulima hauzi gunia moja la mahindi mara mbili, lakini katika droo sifa moja huuzwa mara mbili, na mnunuzi ni yule yule mnyonge.

Wanaotetea utaratibu huu husema kwamba pointi za makundi haziwezi kulinganishwa, maana makundi hayalingani kwa ugumu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inajikanyaga. Ikiwa makundi yalipangwa kwa vyungu ili yalingane, basi yanalingana, na pointi zake zinafaa kulinganishwa. Na ikiwa hayalingani hata baada ya kutumia orodha, basi orodha imeshindwa kazi yake ya kwanza. Kwa nini ipewe ya pili?

Mali haikuwa ya kwanza kuonja uchungu huu. Mwaka 2013 timu kumi za Afrika ziliingia katika mchujo kama huo kuelekea Brazil. Misri ilikuwa imeshinda mechi zake zote sita dhidi ya Guinea, Msumbiji na Zimbabwe, ikafikisha pointi 18. Hata hivyo iliwekwa katika chungu cha pili. Sababu ilikuwa kwamba haikuwa imefuzu kwa fainali za Kombe la Afrika za 2012 na 2013, hivyo ikawa imeporomoka katika orodha. Tukumbuke kwamba hicho ndicho kipindi ambapo zaidi ya watu 70 walifariki katika uwanja wa Port Said, Februari 2012, na ligi ya nchi hiyo ikasimamishwa. Vijana waliocheza bila ligi wakashinda mechi zote sita wakaambiwa kwamba ushindi huo haukutosha kuwapa nafasi miongoni mwa watano bora. Wakapangiwa Ghana, wakafungwa 6-1 mjini Kumasi. Ushindi wao wa 2-1 katika marudiano ya Cairo haukufaa kitu.

Huko Ulaya nako, mwishoni mwa Septemba 2009, mechi za makundi zikiwa karibu kumalizika, ilitangazwa kwamba timu nane za mchujo zitagawanywa kwa orodha ya FIFA ya Oktoba. Urusi, Ufaransa, Ureno na Ugiriki zikalindwa. Ireland, ambayo haikuwa imeshindwa mechi hata moja katika kundi lililokuwa na Italia, ikakabidhiwa Ufaransa. Waairishi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana kanuni ilitangazwa wakati tayari ilikuwa inajulikana ni nani huenda akafaidika nayo. Mjini Paris, Novemba 18, Thierry Henry aliushika mpira kwa mkono, William Gallas akafunga, na Ufaransa ikaenda Afrika Kusini. Dunia nzima inaukumbuka mkono ule. Ni wachache wanaoukumbuka uamuzi wa Septemba, ambao haukuhitaji hata mwamuzi kuuangalia.

Ukweli unanilazimu niyaseme pia yasiyonifaa. Kulindwa si kufuzu. Katika mchujo wa 2013, mmoja kati ya vigogo watano, Tunisia, aliangushwa, naye alikuwa mikononi mwa Cameroon. Mwaka 2022 waliangushwa wawili: Ghana iliitoa Nigeria kwa bao la ugenini mjini Abuja, na Cameroon iliitoa Algeria mjini Blida kwa bao la dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada. Kwa hiyo katika mapambano kumi ya miaka hiyo miwili, walindwa walishinda saba. Mnyonge akijikaza anaweza kupenya. Lakini kuweza kupenya tundu la sindano si hoja ya kumziba mtu mlango.

Novemba 2025 yalitokea mengine yenye mafunzo. Washindi wa pili wanne bora wa makundi ya Afrika walikutanishwa nchini Morocco kuwania nafasi moja ya kuendelea na safari ya Kombe la Dunia la 2026. Gabon, iliyokuwa kundi moja na Kenya na kutufunga nyumbani na ugenini, ilikuwa na pointi 25, moja tu nyuma ya Ivory Coast. Kongo ilikuwa na 22, Cameroon 19, na Nigeria 17. Orodha ya FIFA ikaipindua safu hiyo: Nigeria ikawa ya kwanza na Gabon ya mwisho. Nigeria na Gabon zikakutanishwa, na Nigeria ikashinda 4-1 baada ya muda wa ziada.

Je, Gabon ilidhulumiwa? Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kuandika kwamba ndiyo, lakini nilipofanya hesabu upya nikaiweka chini. Ukimpambanisha wa kwanza na wa nne kwa pointi za makundi, bado unapata Gabon na Nigeria. Wa pili na wa tatu ni Kongo na Cameroon, jozi ile ile iliyochezwa. Isitoshe, kila pambano lilikuwa la mechi moja katika ardhi isiyo ya yeyote kati ya hao wanne. Hakuna aliyesubiri nyumbani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba orodha yenyewe haina sumu. Sumu imo katika upendeleo unaofungwa juu yake. Pasipo na upendeleo, mpira huamua wenyewe, na uliamua: Kongo, iliyokuwa ya tatu kwa orodha, iliitoa Cameroon kwa bao la dakika ya mwisho, kisha ikaitoa Nigeria kwa mikwaju ya penalti.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu. La kwanza, orodha ya ubora itumiwe mara moja tu, katika droo ya kwanza, wakati ambapo hakuna kipimo kingine. Mwalimu anapopokea wanafunzi wapya hana budi kutazama alama walizokuja nazo. Lakini baada ya mtihani wa muhula, aliyeshinda ni aliyeshinda, awe ametoka shule ya kifahari au ametoka chini ya mti. La pili, vyungu vya mchujo vipangwe kwa pointi za makundi ya safari hiyo hiyo. Ikihofiwa kwamba kuna kundi lenye kibonde, matokeo dhidi ya timu ya mkiani yaondolewe katika hesabu, kama CAF ilivyofanya ilipowatafuta washindi wa pili bora kwa mchujo wa 2025. La tatu, haki ya kuandaa mkondo wa pili ipigiwe kura au iwe zawadi ya pointi hizo, na kanuni zote zitangazwe kabla ya kipenga cha kwanza kupulizwa.

Huenda wapo watakaosema kwamba Kombe la Dunia linahitaji majina makubwa, kwani ndiyo yanayowavuta watazamaji na wafadhili. Hiyo ni hoja ya biashara, na biashara si dhambi. Lakini basi isemwe waziwazi kwamba ni biashara, isivishwe kanzu ya haki. Waswahili husema usisafirie nyota ya mwenzio. Na wewe mwenye nyota, usiisafirie ile ya mwaka juzi.

Nimekwisha kuacha ukatibu wa kamati. Kabla ya kuondoka nilipendekeza kwamba nusu fainali zipangwe kwa matokeo ya mwaka ule ule, na aliyeongoza kwa pointi achezee nyumbani, hata kama uwanja wake una mteremko. Mwenzangu mmoja alipinga, akasema kwamba shule kubwa zitanung'unika. Zilinung'unika kwa muhula mmoja, kisha zikazoea. Shule ile ya kutwa haijafika tena nusu fainali tangu siku ile. Kikosi kile kilimaliza shule, kikatawanyika, na nafasi yake ikapita.

Nakala ya barua yangu ningali nayo. Kijana yule alistahili jibu, nami sikumpa. Laiti ningemwona leo, ningemwambia: mlisafiri ninyi, mwanangu, kwa sababu sisi wazee tuliyaogopa majina kuliko tulivyoyaheshimu mabao yenu.